Gari Linateleza, Tairi Linazunguka Bure: Uliza Kwanza Uzito Umekaa Wapi

Masika yakianza kushika, malalamiko huwa yaleyale. "Tairi nimeweka mpya juzi, mbona mlima umenishinda?" "Mbona gari la jirani limepita na langu limebaki?" Wengi hukimbilia kubadilisha matairi, wengine wanamlaumu dereva, na wengine wanaanza kutafuta mteja ili wauze wanunue fowili, yaani gari linalopeleka nguvu kwenye matairi yote manne. Mara nyingi chanzo kiko mahali ambapo hakuna aliyeangalia: injini imewekwa wapi, na ni matairi yapi yanayopokea nguvu yake.

Tairi hushika barabara kwa sababu limekandamizwa. Uzito ukiwa mwingi juu yake linashika, ukiwa mdogo linazunguka bure. Injini na gia boksi, hata kwenye gari dogo, ni mzigo wa kilo mia na hamsini hivi ambao haushuki kamwe. Pale ulipowekwa ndipo kwenye uzito wa kudumu. Uzito uliobaki unahamahama: ukikanyaga mafuta unarudi nyuma, ukifunga breki unakuja mbele, ukipanda mlima unaegemea nyuma, ukikata kona unaenda upande wa nje. Kila dalili nitakayoitaja hapa chini inatokana na jambo moja, nalo ni kwamba tairi lenye kazi limekosa uzito wakati lilipouhitaji, au limepewa kazi mbili kwa wakati mmoja.

Kwanza jua gari lako linavuta wapi

Usitegemee jina la gari. Probox zipo za kuvuta mbele na zipo za fowili. Mark X nyingi zinasukuma nyuma, lakini zipo za fowili pia. Noah ndiyo inayochanganya watu zaidi. Ile ya zamani, kabla ya 2001, injini iko chini ya viti vya mbele na inasukuma nyuma. Iliyotoka 2001 na kuendelea injini imehamia mbele kabisa chini ya boneti, nayo inavuta mbele, isipokuwa zile za fowili. Watu wawili wanaweza kuwa na Noah, wakapita tope moja, wakapata matatizo mawili yasiyofanana, kisha wakabishana hadi usiku.

Inama uangalie chini. Ukiona shafti ndefu inatoka kwenye gia boksi mpaka kwenye difu la nyuma, lile bonge la chuma katikati ya ekseli (mhimili unaobeba matairi mawili), nyuma inasukumwa. Ukiona shafti fupi mbili zenye mipira ya raba zikiingia kwenye matairi ya mbele, mbele inavuta. Ukiona vyote viwili, hiyo ni fowili ya aina fulani, nayo nitaifikia. Magari mengi madogo ya mjini, kuanzia Vitz, Passo, IST mpaka Premio, injini imelazwa kwa upana mbele na yanavuta mbele. Haisi, kirikuu (vile vipikapu vidogo vya mizigo) na pikapu nyingi zinasukuma nyuma.

Dalili: gari la kuvuta mbele linashindwa mlima, hasa likiwa na watu

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na ndiyo iliyonifundisha. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoka Soni kwenda Bumbuli, kwenye milima ya Usambara, mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri. Gari dogo la kuvuta mbele, watu watatu kiti cha nyuma, buti limejaa viazi na maboga ya watu wa nyumbani. Kwenye kipande kimoja cha udongo mwekundu tairi la mbele kulia lilianza kuzunguka bure. Nikaongeza mafuta, likachimba. Nikarudi chini, nikaja kwa kasi, likakwama palepale. Mara ya tatu nikanusa raba inaungua.

Mzee mmoja alikuwa amesimama chini ya mgomba na mwamvuli wake, ananitazama. Akasogea taratibu.

"Mwanangu, geuza gari."

"Nirudi Soni, mzee?"

"Hapana. Lipandishe kinyumenyume."

Nilimheshimu kwa umri wake tu, si kwamba niliamini. Niligeuza pale chini kwenye uwanja wa duka, nikaweka rivasi, yeye akatangulia kunielekeza kwa mkono. Gari lilipanda bila kuteleza hata mara moja, na watu wote ndani na viazi vyote kwenye buti.

Baadaye nilikaa chini na kalamu. Chukua gari la kuvuta mbele lenye kilo 1,000. Likiwa tupu kwenye tambarare, kilo 600 hivi zinakaa juu ya matairi ya mbele na 400 nyuma. Lipeleke kwenye mlima unaopanda mita 20 kwa kila mita 100. Mwinamo unahamisha kilo 44 hivi kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo mbele zinabaki 556. Kulipandisha kunataka nguvu ya karibu kilo 200. Matairi ya mbele yanapaswa kushika kwa asilimia 36 ya uzito ulio juu yake. Kwenye changarawe kavu hiyo ni kazi nyepesi. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, uko ukingoni.

Sasa weka watu watatu nyuma na mizigo kwenye buti, jumla kilo 300. Karibu zote zinakaa juu ya ekseli ya nyuma, tuseme 240 nyuma na 60 tu mbele. Gari limekuwa kilo 1,300. Ukianza kupanda, mbele zinabaki kilo 603 hivi, lakini nguvu inayotakiwa imefika 260. Gawanya upate asilimia 43. Mzigo umeongeza kazi, na haujaongeza mshiko mahali pa kazi. Na matairi yako mapya hayana kosa lolote.

Geuza gari. Matairi yanayovuta sasa yako upande wa bonde, na mwinamo unayaongezea uzito badala ya kuyanyang'anya. Likiwa tupu hitaji linashuka mpaka asilimia 31. Likiwa na mzigo wote ule ni asilimia 36, sawasawa na gari tupu linalopanda kwa mbele. Yule mzee hakuwa na kalamu, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kabla ya kufikia rivasi, jaribu haya. Hamisha mzigo mzito kutoka kwenye buti uuweke miguuni pa kiti cha abiria wa mbele. Ukiwa na abiria mmoja tu, akae mbele, asikae nyuma kama bosi. Abiria wa nyuma washuke, wapande kwa miguu, maana wakishuka unapunguza kazi bila kupunguza mshiko. Anza kupanda ukiwa tayari kwenye mwendo mdogo usiobadilika na usisimame katikati, kwa kuwa kuanza upya kwenye mwinamo ndipo uzito unaporuka nyuma. Na ukipanda kinyumenyume, awepo mtu nje wa kukuelekeza. Matairi yanayofuata usukani yanakuwa upande wa chini, na kosa dogo la mkono linatupa ubavu mtaroni. Ni njia ya kipande kifupi kilichokushinda, si ya kilomita nzima.

Angalia pia ni tairi lipi linazunguka. Likizunguka moja tu na jingine limetulia, difu lako linafanya kazi yake ya kawaida. Difu la kawaida linagawa nguvu sawa kwa matairi mawili, na kama moja limekosa mshiko, jingine nalo linapata kiasi kilekile kidogo. Magari ya karibuni yana mfumo unaolibana kwa breki tairi linalozunguka bure ili nguvu iende upande wa pili. Unasaidia sana kwenye lami iliyolowa. Kwenye tope zito unaweza kukukatia nguvu mpaka gari lisimame, kwa hiyo jaribu kuuzima kwa kitufe chake, chenye mchoro wa gari na mistari iliyojipinda nyuma yake. Ukivuka, uwashe tena.

Dalili: gari la kusukuma nyuma linapiga mkia

Hapa mambo yamegeuka. Injini iko mbele, kazi iko nyuma. Mark II, Mark X, Crown, pikapu isiyo na mzigo, Haisi iliyoshusha abiria. Ukianza kuondoka kwenye tope tairi la nyuma linazunguka, na ukiongeza mafuta kwenye kona yenye maji, nyuma inatoka nje kana kwamba inataka kukupita.

Mpanda Haisi yeyote anaweza kukuonyesha. Injini iko chini ya viti vya mbele, dereva na kondakta wako juu ya ekseli ya mbele, na nyuma ni bodi tu na viti. Ikijaa abiria inapanda mahali ambapo gari dogo linalia. Ikirudi tupu jioni, mvua ikiwa imenyesha, palepale inaserereka. Dereva anasema barabara imeharibika tangu asubuhi. Barabara ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba kilo mia kadhaa zimeshuka kituoni.

Kwa pikapu tupu, dawa ya zamani bado ni bora: mifuko ya mchanga. Ila iweke juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, karibu na kabini, na uifunge. Watu wengi wanairundika mlangoni kabisa mwa bodi. Hapo mzigo unafanya kazi kama mpini wa koleo, unainua pua ya gari, na usukani unakuwa mwepesi. Umetibu nyuma ukaumiza mbele.

Nyuma ikishaanza kutoka, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, elekeza usukani kule mkia unakoelekea, na usikanyage breki kwa nguvu. Ukikanyaga, uzito unakimbilia mbele na nyuma inabaki nyepesi zaidi.

Kuna sababu moja ambayo haitajwi sana. Ukishuka mteremko wenye utelezi na gari la kusukuma nyuma, ukaangusha gia ghafla kutoka ya tatu hadi ya pili, injini inayazuia matairi ya nyuma peke yake. Ni sawasawa na kuvuta breki ya mkono kidogo. Nyuma inakwenda pembeni na dereva anaapa hakugusa breki, na kweli hakugusa. Ingia gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, kisha achia klachi polepole. Kwenye otomatiki shusha gia ukiwa bado tambarare.

Wapo wanaosema gari la kusukuma nyuma halifai kabisa kwa barabara zetu za vumbi na tope. Siafiki. Toyota Celica iliyokuwa na injini mbele na kusukuma nyuma ilishinda Safari Rally ya Kenya miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, wakati Audi za fowili zilikuwa tayari zinashindana duniani. Fowili ilisubiri mpaka 1987 kushinda Safari, Hannu Mikkola akiwa na Audi 200 Quattro. Kusukuma nyuma kuna faida ya kweli: ukikanyaga mafuta na ukipanda mlima, uzito unahamia kwenye matairi yenye kazi. Unachotakiwa kufanya ni kuupa nyuma mzigo wa kutosha na kuwa na mguu mtulivu.

Dalili: umekata usukani, gari linakwenda moja kwa moja

Hii ni ya magari ya kuvuta mbele zaidi, na inatisha kwa sababu mtu anahisi usukani umekufa. Usukani hauna tatizo. Matairi ya mbele yamebeba kazi zote: kuvuta, kukata kona, na sehemu kubwa ya breki. Tairi lina kiasi kimoja cha mshiko, halina viwili. Ukilitumia lote kuvuta, hakuna kilichobaki cha kukata kona.

Kosa la kwanza tunalofanya wote ni kuongeza usukani. Linafanya mambo yawe mabaya zaidi. Achia mafuta, uzito uje mbele, na urudishe usukani kidogo mpaka uhisi tairi limeshika tena, ndipo ukate upya. Ikitokea kwako mara kwa mara kwenye kona unazozijua, na mwendo wako ni uleule, angalia kashata, yaani meno ya tairi, kwenye matairi ya mbele. Gari la kuvuta mbele huyala matairi ya mbele haraka kuliko ya nyuma. Pima na upepo. Tairi la mbele lililopungua upepo linajikunja ubavuni kabla ya kukata.

Magari ya Subaru yana tabia hii pia ingawa ni ya fowili. Injini yake iliyolala chini imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo pua ni nzito. Fowili inakusaidia kuondoka. Haikusaidii kukata kona uliyoingia kwa mwendo uliopita kiasi.

Dalili: linavuta mbele, lakini nyuma ndiyo inayoserereka

Fundi akisikia hivi mara nyingi anaanza na shokapu au bushi, na zinastahili kukaguliwa. Lakini muulize mwenye gari swali moja: matairi mapya umeweka wapi?

Nimekutana na hili mara nyingi kiasi kwamba sasa naliuliza kabla ya salamu kuisha. Mtu ana pesa ya matairi mawili. Anajua gari lake linavuta mbele, anaweka mapya mbele, na vipara vinabaki nyuma. Inaonekana ni akili. Kwenye lami iliyolowa anaachia mafuta katikati ya kona au anagusa breki, uzito unakimbilia mbele, na nyuma nyepesi yenye tairi kipara inaachia barabara. Mbele likiteleza, gari linakwenda mbele na bado unaliona linakoelekea. Nyuma likiteleza gari linageuka, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha.

Kwa hiyo matairi mawili mazuri zaidi yakae nyuma, hata kama gari linavuta mbele, na mapema kadiri iwezekanavyo nunua mengine mawili. Watengenezaji wa matairi wanashauri hivyohivyo. Najua ushauri huu unawakera watu wa gereji. Ninausisitiza kwa sababu nimeona gari limegeuka mara mbili barabarani mbele yangu kwa kosa hili, na waliokuwemo walitoka wazima kwa kuwa hakuna lori lililokuwa linakuja.

Dalili: usukani unavutwa upande

Tenganisha kwanza ni wakati gani.

Ukivutwa hata gari likiwa limeachiwa liende lenyewe, ni upepo usiolingana au alaimenti, yaani matairi hayaelekei sawa. Ukivutwa unapofunga breki tu, breki ya upande mmoja inashika kabla ya nyingine, au imekwama. Ukivutwa unapokanyaga mafuta tu na kutulia unapoachia, hiyo ni ya magari ya kuvuta mbele. Injini imelazwa kwa upana na gia boksi imekaa pembeni, kwa hiyo shafti ya upande mmoja ni ndefu kuliko ya pili, na nguvu kubwa ya ghafla inafika kwenye matairi kwa namna isiyolingana. Kidogo ni kawaida kwenye gari lenye nguvu. Ikiwa imeanza siku za karibuni, kagua bushi za mikono ya chini na vishikio vya injini. Injini ikicheza kwenye vishikio vilivyokatika, shafti zinabadilisha pembe kila unapokanyaga.

Dalili: ni fowili lakini imekwama

Watu huumia sana hapa kwa sababu wamelipa pesa nyingi. Fowili ni jina la mambo kadhaa tofauti.

Kwenye Land Cruiser na Hilux nyingi, mbele hakufanyi kazi mpaka uingize mwenyewe kwa kigingi au kitufe. Za zamani zina pia vitovu vya kufungwa kwa mkono katikati ya matairi ya mbele, vyenye maandishi FREE na LOCK. Usiposhuka kuvizungusha, umeingiza kigingi bure: shafti inazunguka, tairi halipati kitu. Nimewahi kuwakuta vijana wamechimba saa nzima na jembe, kitovu kimoja kiko LOCK na cha pili kiko FREE. Na kwa kuwa difu la mbele linafuata upande dhaifu, hicho kimoja kilichofungwa hakikuwasaidia chochote.

Magari mengi ya familia yanayouzwa kama fowili, kama X-Trail na RAV4 za miaka ya karibuni, kwa kawaida yanavuta mbele, na nyuma kunaitwa pale tu mbele kunapoteleza. Kifaa kinachounganisha nyuma kinapata joto. Ukilazimisha kwenye mchanga kwa dakika kadhaa, kinajizima ili kisiungue na gari linabaki la kuvuta mbele. Hakijafa. Zima, subiri kipoe, punguza upepo wa matairi, kisha jaribu kwa mwendo mdogo.

Halafu kuna suala la difu. Fowili yenye difu za kawaida ikivuka korongo kwa mshazari, tairi moja la mbele na moja la nyuma upande wa pili yakabaki hewani, imekwama kabisa. Nguvu yote inaishia kwenye matairi mawili yasiyogusa kitu. Weka jiwe au ubao chini ya moja kati ya hayo yanayoning'inia. Kwa fowili inayofunga mbele na nyuma pamoja, linatosha moja.

Na fowili haikuongezei breki. Kila gari linafunga breki kwa matairi manne, la laki tatu na la milioni mia. Ile hali ya kuhisi uko salama kwa kuwa gari limepanda vizuri ndiyo inayowapeleka watu bondeni wakati wa kushuka.

Dalili: fowili inabana kwenye kona kali, kama breki imeshika

Ukikata usukani mpaka mwisho kwenye maegesho, gari linasita na kuruka vidogovidogo. Kwenye Hilux au Land Cruiser, huenda umesahau fowili imeingia kwenye lami kavu. Mbele na nyuma vinazunguka kwa kasi tofauti kwenye kona, na kwa kuwa vimefungwa pamoja, kitu kimoja lazima kiteleze. Kwenye tope kinateleza bila madhara. Kwenye lami kinavunja. Toa fowili.

Kwenye gari ambalo fowili yake ni ya kudumu, angalia matairi. Matairi manne yasiyolingana kwa ukubwa au kwa kuisha yanalazimisha kiunganishi cha katikati kifanye kazi hata barabarani pakiwa pamenyooka, mpaka kinaungua. Ukipata pancha isiyotengenezeka kwenye gari la namna hii na matairi yako yameisha nusu, kununua moja jipya peke yake ni hasara iliyojificha.

Bajaji na kirikuu mlimani

Bajaji ina injini nyuma na inasukuma nyuma, kwa hiyo kwa mshiko wa kupanda ni hodari kuliko wengi wanavyodhani. Ni sababu ileile iliyowafanya Volkswagen za mgongo wa kobe, zenye injini nyuma, zishinde Safari Rally zaidi ya mara moja, ya mwisho ikiwa 1962. Tatizo la bajaji liko mbele. Ikibeba watu watatu nyuma na mlima ukawa mkali, tairi lile moja la mbele linakuwa jepesi na halikati, unageuza mpini na chombo kinaendelea na safari yake. Dereva aegemee mbele, abiria mmoja ashuke, na mzigo usifungwe kamwe nyuma ya kiti cha abiria unapojua kuna mlima mbele.

Kirikuu injini iko chini ya viti na inasukuma nyuma, tabia zake ni za Haisi ndogo. Tupu inaserereka, ikipakiwa vizuri inashika. Ikipakiwa kupita kiasi nyuma ya ekseli, nayo inainua pua kama bajaji.

Mchanga na udongo wa mbuga

Kwenye mchanga wa pwani dalili ni kuzama. Shusha upepo kutoka psi 30 hadi 18 hivi kabla ya kuingia, tairi likae bapa na likanyage eneo kubwa. Kwa gari la kuvuta mbele hasa hili ni muhimu, kwa sababu pua nzito iko juu ya matairi yaleyale yanayochimba, na yakizama na bampa la mbele linalala. Ukihisi linaanza kuchimba, acha mara moja. Nusu zunguko ya ziada inakugharimu nusu saa ya koleo. Ukirudi lami, jaza upepo kabla ya kwenda kasi.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga kushusha upepo hakusaidii sana, kwa kuwa tatizo ni kashata kujaa tope mpaka tairi linakuwa laini kama ndizi. Hapo mwendo wa wastani usiokatika ndio unaolisafisha tairi. Ukisimama, matairi yote manne yanavaa viatu vya tope, na injini iwe mbele, kati au nyuma, unasubiri jua. Shuka, chukua kijiti, kwangua kashata moja baada ya nyingine ukianza na matairi yenye kazi, weka matawi mbele yake, kisha ondoka na gia ya pili.